Ufunguo, hebaria, DNA au simu: uutambue mmea kwa njia ipi?

Kuna miti miwili inayoitwa mwarobaini Afrika Mashariki. Mmoja ndio wenyewe, Azadirachta indica. Wa pili ni mmelia, Melia azedarach, ambao matunda yake ni sumu kwa mtu na kwa mifugo. Anayechuma majani ya dawa akakosea mti, jina la mtaani halitamwokoa, maana miti yote miwili inalijibu.

Linnaeus naye aliiweka miti hiyo katika jenasi moja mwaka 1753, akaiita Melia azadirachta na Melia azedarach. Majina yote mawili yanatoka kwenye maneno ya Kiajemi azad dirakht, yaani mti huru, na yanakaribiana kiasi cha kumchanganya hata mpiga chapa. Mwaka 1830 Adrien de Jussieu aliutoa mwarobaini humo akaupa jenasi yake. Kanuni za majina ya mimea haziruhusu jenasi na spishi kurudia neno lilelile, ndiyo maana hatuna Azadirachta azadirachta. Wataalamu wa wanyama wao wanaruhusu: fisi madoadoa ni Crocuta crocuta, na hakuna anayelalamika.

Jina la kisayansi linaondoa utata huo pale tu unapofika kwenye jina lililo sahihi. Njia za kufika zinazotumika zaidi ni nne: ufunguo wa utambuzi, ulinganishaji katika hebaria, kusoma DNA, na programu ya simu. Watu huuliza ipi ni bora. Swali hilo halijibiki kabla ya kujua una nini mkononi na jina hilo utalifanyia nini.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo matano. Kwanza, nyenzo: inahitaji ua na tunda, au jani kavu, au hata unga unatosha? Pili, kina: inakufikisha kwenye familia, jenasi au spishi? Tatu, muda na fedha. Nne, makosa: inakosea wapi, na ikikosea inakuonya au inanyamaza? Tano, ushahidi: baada ya miaka 20, mtu mwingine anaweza kukagua kama ulisema kweli?

Kipimo cha tano ndicho kinachosahauliwa zaidi, na kwa maoni yetu ndicho kizito kuliko vyote. Jina linaweza kusahihishwa. Mmea uliotupwa baada ya kupewa jina haurudi.

Ufunguo wa utambuzi

Ufunguo ni mlolongo wa jozi za maelezo. Kila jozi ina kauli mbili zinazopingana. Unachagua inayoufaa mmea wako, nayo inakupeleka kwenye jozi nyingine au kwenye jina. Mfano mdogo kwa miti mitatu tu:

1a. Jani limegawanyika mara moja, vijani vimepangwa moja kwa moja kwenye uti mkuu, kingo zake zina meno kama msumeno: Azadirachta indica.
1b. Jani limegawanyika mara mbili au zaidi: nenda 2.
2a. Maua ya zambarau hafifu. Tunda la mviringo la sm 1 hadi 1.5, la manjano likiiva: Melia azedarach.
2b. Maua meupe; tunda la umbo la yai, hadi sm 4: Melia volkensii, yaani mukau wa Wakamba.

Nyenzo: mmea wenye ua, na ikiwezekana tunda, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, wembe, rula ya milimita. Ua lililokauka lichovye kwenye maji ya moto dakika chache hadi lilainike, kisha lipasue katikati. Kwa mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, kazi kuu ni Flora of Tropical East Africa. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012, na ndani yake mna spishi 12,104. Maelezo yake mengi yanasomeka bure kwenye tovuti ya Plants of the World Online ya Kew, bustani ya mimea ya London.

Kina: spishi, kama mmea una sehemu zote zinazoulizwa. Fedha: karibu hakuna. Muda: aliyezoea familia hutumia nusu saa; anayeanza anaweza kumaliza siku nzima na jozi kumi.

Makosa ndiyo mahali pa kukaa kidogo. La kwanza ni kusoma kauli ya 'a', kuipenda, na kuondoka bila kusoma 'b'. Soma zote mbili kila mara. La pili ni kupima jani moja. Pima yasiyopungua matano, kutoka tawi lililokomaa lenye maua, wala si kwenye machipukizi ya kisikini wala kwenye mche. Majani ya kwanza ya mche wa mmelia bado hayajagawanyika kama ya mti mkubwa, na ukianzia hapo jozi ya kwanza tu inakupoteza. La tatu ni kutoelewa vipimo. Ukiona (5–)8–12(–15) sm, maana yake majani mengi yako kati ya 8 na 12, na yale ya 5 au 15 hutokea kwa nadra. La nne ni viunganishi: kauli yenye 'na' inadai yote mawili, yenye 'au' inaridhika na moja.

Lakini kosa baya kuliko hayo ni kwamba ufunguo haujui kusema "sijui". Ukiuletea ule wa hapo juu mkangazi, ambao jani lake nalo limegawanyika mara moja, utakusukuma upande wa mwarobaini. Meno ya msumeno yanakosekana kwenye mkangazi, na mtu mwangalifu atashtuka hapo. Mwenye haraka ataendelea. Kwa hiyo jina lililotoka kwenye ufunguo ni dhana, nayo inathibitishwa kwa kusoma maelezo kamili ya spishi hiyo neno kwa neno na kuangalia kama inaota katika eneo ulilokuwa.

Kuna pia suala la umri wa kitabu. Sehemu ya mimea jamii ya migunga ilichapishwa mwaka 1959, wakati migunga yetu yote ilikuwa Acacia. Mwaka 2005 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea, uliofanyika Vienna, uliliacha jina hilo kwa jamaa zao wa Australia, na mwaka 2011 mkutano wa Melbourne ukashikilia uamuzi huo. Sasa ule wa njano wa kandokando ya maji, Acacia xanthophloea, ni Vachellia xanthophloea, na Acacia senegal ni Senegalia senegal. Ufunguo wa 1959 bado unafanya kazi vizuri, maana miiba haikubadilika. Jina unalopata mwishoni ndilo la kuhakiki upya.

Ushahidi: wenyewe ufunguo hauachi chochote, isipokuwa umeweka sampuli.

Unamfaa mwanafunzi, ofisa misitu na yeyote anayetaka kujua kwa nini mmea ni huu na si ule. Haumfai mwenye tawi tupu lisilo na ua.

Hebaria

Hebaria ni maktaba ya mimea iliyokaushwa. Unaleta sampuli yako na kuilinganisha na zilizokwisha kutajwa. Kanda hii ina East African Herbarium iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ambayo ilianzia Amani, Usambara. Ina Hebaria ya Taifa ya Tanzania iliyoko Arusha, na za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makerere.

Nyenzo: sampuli iliyotayarishwa vizuri. Chukua tawi la sm 30 hadi 40 lenye majani, maua na matunda, kata matatu hadi matano yanayofanana kutoka mmea uleule. Lilaze ndani ya ukurasa wa gazeti, geuza angalau jani moja ili upande wa chini uonekane, weka katoni za mikunjo katikati, kisha kaza kwa mikanda. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu au nne za mwanzo. Ukitumia joto, lisizidi nyuzi 50. Likizidi majani yanakuwa kahawia na kuvunjika. Kabla haijaingia kabatini, sampuli hukaa kwenye friza ya nyuzi −20 kwa siku 7 ili mayai ya wadudu yafe.

Pwani, ambako hewa ina unyevu, sampuli huota ukungu kabla ya kukauka. Wapo wanaofunga magazeti ndani ya mfuko wa plastiki na kumwagia spiriti, kisha hukausha wakirudi. Inasaidia, ila rangi hupotea na DNA huharibika. Kama unadhani utahitaji DNA baadaye, toa kipande cha jani kwanza.

Lebo ina thamani sawa na mmea. Andika tarehe, jina lako na namba ya sampuli, viwianishi vya GPS, mwinuko, aina ya mahali, urefu wa mmea, na yote ambayo kukauka kutayafuta: rangi ya ua, harufu, utomvu, gome likikwanguliwa linatoa rangi gani. Jina la kienyeji liandike pamoja na lugha yake. "Mukau" bila kusema ni Kikamba ni nusu ya habari. Tumia penseli, wino wa kalamu nyingi hukimbia ukigusa maji au spiriti.

Kina: spishi, na mara nyingine chini ya spishi, kwa sababu unaona jinsi mmea mmoja unavyobadilika kutoka Tanga hadi Kigoma. Hilo ufunguo hauwezi kukuonyesha. Muda: wiki ya kukausha, kisha siku ya kulinganisha, au miezi kama unamsubiri mtaalamu wa familia hiyo.

Makosa: watu huamini kwamba jina lililo kwenye folda ni sheria. Si hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya sampuli za mimea ya tropiki zilizo kwenye hebaria huenda zina jina lisilo sahihi. Wachunguzi walianza na Aframomum, jenasi ya ukoo wa tangawizi. Linganisha na sampuli kadhaa, zipe uzito zile zenye karatasi ya uhakiki ya mtaalamu aliyeandika kuhusu kundi hilo, na ukibahatika tazama picha ya sampuli ya asili, ile ambayo jina lilifungwa nayo tangu mwanzo. Nyingi zimepigwa picha na ziko mtandaoni.

Ushahidi: hapa hebaria haina mshindani. Jina likikosewa, mtu wa mwaka 2060 atafungua folda na kulirekebisha.

Inafaa kwa utafiti wowote utakaochapishwa, kwa orodha ya mimea ya msitu, na kwa anayechunguza dawa za asili. Haifai kwa swali la leo jioni.

DNA

Hapa unasoma vipande vifupi vya DNA na kuvitafuta kwenye hifadhidata. Kwa wanyama kipande kilichozoeleka ni COI, cha takriban herufi 650. Mimea ilisumbua: COI yao hubadilika polepole mno. Mwaka 2009 kikundi cha wataalamu kilipendekeza jozi ya vipande viitwavyo rbcL na matK, na jozi hiyo ilitofautisha spishi kwa asilimia 72 hivi ya zilizojaribiwa. Wengi sasa huongeza kipande kingine, ITS.

Nyenzo: kidogo sana. Jani changa safi, kipande cha sm 2 kwa 2, ndani ya mfuko wenye chembe za silika zenye uzito wa angalau mara kumi ya jani. Tumia silika inayobadilika rangi. Ikibadilika kabla jani halijakatika kwa sauti, weka mpya. Usitumie jua wala oveni.

Kina: jenasi karibu kila mara, spishi inategemea kundi. Kutofautisha mwarobaini na mmelia ni kazi rahisi, kwa kuwa ni jenasi mbili. Spishi changa, yaani zilizoachana karibuni, zinaweza kuwa na herufi zilezile kabisa. Mmea chotara nao hujificha: rbcL na matK ziko kwenye kloroplasti, ambayo kwa mimea mingi ya maua hurithiwa kwa mama, kwa hiyo utaambiwa habari za mzazi mmoja tu.

Nguvu yake halisi iko pale njia nyingine zinapokufa. Unga wa majani sokoni, mzizi uliokatwakatwa, mche usio na ua: hivyo vyote vinaweza kutoa jibu. Kwa unga uliochemshwa au kukaa sana, vipande virefu huwa vimekatika, na maabara hutafuta kifupi zaidi ndani ya sehemu ya DNA ya kloroplasti iitwayo trnL. Mbao ni habari nyingine. Kiini cha mti mgumu kama mpingo kina DNA kidogo na iliyochakaa, na kwa bidhaa hizo kukagua muundo wa mbao kwa hadubini mara nyingi ni bora zaidi.

Makosa: hifadhidata ikiwa na mfuatano wa herufi za DNA uliowekwa kwa jina bovu, nawe utapewa jina bovu pamoja na alama ya kufanana kwa asilimia 99. Asilimia hiyo inasema mfuatano wako umefanana na ule uliopo. Haisemi kwamba aliyeuweka alijua alichokuwa nacho. Na kama spishi yako haijawahi kusomwa, utapewa jirani yake wa karibu bila onyo.

Muda na fedha: wiki kadhaa, na ndiyo njia ghali kuliko zote. Kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji kibali cha utafiti, kupitia COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya au UNCST kwa Uganda, pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kusafirisha kimyakimya kwenye bahasha kunaweza kuiua makala yako siku ya kuchapishwa, achilia mbali sheria.

Ushahidi: mfuatano unabaki, ila una maana tu ukiwa umeunganishwa na sampuli ya hebaria yenye namba.

Programu ya simu

iNaturalist, Seek na PlantNet hulinganisha picha yako na maelfu nyingine. Fedha hazihitajiki na jibu linakuja kwa sekunde. Seek inafanya kazi hata bila intaneti.

Nyenzo ni picha, na wengi hupiga moja tu, ya jani, kutoka mbali. Piga tano: mmea mzima, jinsi majani yanavyokaa kwenye tawi, jani upande wa chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda lililopasuliwa karibu na rula. Tunda la mwarobaini ni la urefu zaidi na kwa kawaida lina mbegu moja. Kokwa la mmelia lina mifereji na tundu katikati, ndiyo maana hutungwa shanga na tasbihi. Picha moja ya kokwa lililosafishwa inamaliza ubishi ambao picha kumi za kivuli cha mti hazitaumaliza.

Kina: nzuri sana kwa miti ya mjini, maua ya bustani na magugu ya kawaida, kwa kuwa dunia nzima imeyapiga picha. Dhaifu kwa nyasi, ndago, na mimea inayopatikana Usambara au Uluguru peke yake, ambayo picha zake ni chache.

Makosa: programu hupendelea kilicho maarufu. Kwenye iNaturalist pendekezo la mashine ni hatua ya kwanza tu. Kiwango cha utafiti kinapatikana pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wanapokubaliana, tena kwa mmea usiopandwa. Watatu wanaokubaliana kwa kufuata pendekezo lilelile la mashine ni maoni ya mashine mara tatu, kwa hiyo angalia nani amekubali.

Ushahidi: picha, tarehe na mahali. Si haba, lakini picha haina nywele za chini ya jani ambazo hukuzikumbuka. Kwa mimea iliyo hatarini mahali halisi hufichwa, na ukipiga picha ya okidi adimu usiandike njia ya kufika kwenye maelezo.

Namna ya kuandika ulichopata

Kama una hakika ya jenasi tu, andika Melia sp. Kama unadhani ni azedarach lakini ua halikuwepo, andika Melia cf. azedarach. Kama inafanana nayo ila unaamini ni kitu tofauti, andika aff. badala ya cf. Si aibu hata kidogo. Aibu ni jina kamili lisilo na msingi. Kisha hakiki tahajia na jina linalokubalika sasa. Mwaka 2024 mkutano wa Madrid uliamua kwamba caffra na ndugu zake, neno lenye mzizi wa tusi, yaandikwe affra, kwa hiyo utakuta Erythrina caffra na Erythrina affra zikiwa mti uleule.

Kwa hali yako

Ukitaka kujua mti ulio mbele ya nyumba na hakuna atakayeula, simu inatosha, kwa picha tano.

Ukitaka kuutumia kwa dawa au chakula cha mifugo, simu haitoshi. Tumia ufunguo ukiwa na ua au tunda mkononi, soma maelezo kamili, na ukibaki na shaka peleka tawi hebaria.

Ukifundisha darasa, anza na ufunguo wa spishi tano hadi nane za uwanja wa shule, ulioandikwa na wanafunzi wenyewe. Wape kundi jingine waujaribu. Makosa ya jozi yatajitokeza ndani ya kipindi kimoja.

Ukiandika tasnifu au orodha ya mimea ya msitu, hebaria ni lazima na ufunguo ni mwenzake. Weka kipande cha jani la kila sampuli kwenye silika hata kama huna fedha za DNA sasa. Mfuko uliofungwa vizuri, mkavu na gizani, utakusubiri miaka.

Ukiwa na unga, mizizi au miche, nenda DNA moja kwa moja, lakini uliza maabara kwanza kama ina mifuatano ya kulinganishia kutoka kwenye sampuli zilizohakikiwa za kanda hii.

Na ukikuta mmea usioingia popote, ufunguo unakwama, simu inataja majina matano na folda za hebaria hazifanani nao, usikimbilie kusema ni spishi mpya. Rudi palepale msimu wa maua, chukua sampuli tano zenye maua na matunda, na moja ipeleke kwa mtaalamu wa familia hiyo.